Lango la kilomita ya pili

“Mwanangu, hebu kisome tena hicho kikaratasi,” Shangazi aliniambia. “Kisome polepole.”

Nikakisoma. Kilisema njia ya kuzunguka ziwa, kilomita 3.2, inafaa kwa viti mwendo. Mbele yetu palikuwa na lango la mbao linalochezea ndani ya kizimba cha chuma chenye umbo la nusu duara. Mtu anaingia kizimbani, analisukuma lango lipite mbele ya kifua chake, kisha anatokea upande wa pili. Ng'ombe hawezi kupita hapo, na ndiyo kazi ya lango lile. Kiti mwendo nacho hakipiti. Tulikuwa tumeshatembea kilomita 2.1, saa sita ya mchana, na choo tulichokitegemea kilikuwa garini.

Kisa hiki nakichambua kwa sababu hakuna aliyetudanganya na sisi wenyewe hatukuwa wazembe. Tulijiandaa wiki nzima. Tulijiandaa vibaya tu.

Shangazi ana miaka 71. Kiharusi kilimdhoofisha mkono na mguu wa kushoto, kwa hiyo hawezi kujisukuma mwenyewe. Akijaribu, kiti kinazunguka mahali pamoja. Akishikwa anasimama na hatua tatu au nne anazimudu. Yeye ana kilo 72, kiti kina kilo 16. Tulikuwa kwenye likizo ya siku kumi ndani ya gari-nyumba, yaani lile gari refu lenye vitanda, jiko na choo humo humo. Mume wangu anaendesha, mimi napanga safari, na Shangazi ndiye mwenye safari, kama anavyotukumbusha.

Kwa mtu kama yeye gari-nyumba ni neema. Kitanda ni kilekile kila usiku, dawa ziko mahali pake, na hakuna kuuliza hoteli kama lifti yao kweli inafanya kazi. Lakini lina tabia moja ambayo wapangaji wengi wa safari, mimi nikiwa wa kwanza, huisahau: linakufikisha karibu na mahali pazuri, halafu linakataa kuingia.

Siku ya ziwa ilianza kuharibika kabla hata kiti hakijateremshwa. Kwenye mlango wa maegesho kulikuwa na chuma cha mlalo kilichofungwa kwa kimo cha mita 2.1. Vyuma vya namna hii huwekwa makusudi ili magari kama letu yasije kulala pale usiku. Letu lina kimo cha mita 2.85. Ng'ambo ya chuma tuliziona nafasi tatu zenye alama ya kiti mwendo, pana, tupu, zimepakwa rangi mpya. Tukaenda kuegesha kando ya barabara mita 600 nyuma, mahali ambapo ardhi ililala upande. Kingo ya mlango wetu kwa kawaida iko sentimita 25 hivi kutoka chini. Pale ikawa karibu 40. Mume wangu akatoa vile vipande vya plastiki tunavyowekea matairi gari likae sawa, akavipanga vikawa ngazi, na Shangazi akateremka mkono mmoja begani kwangu, akiitaja kila hatua kwa namba.

Nafasi zenye alama zingetusaidia kweli hata bila kile chuma? Nyingi hupimwa kwa gari dogo. Upana wake mara nyingi unatosha, lakini gari-nyumba la mita saba litaacha mkia barabarani. Siku hizi swali langu la kwanza, kabla sijauliza lolote kuhusu njia yenyewe, ni hili: gari la kimo cha mita 3 na urefu wa mita 7 litakaa wapi, na kutoka hapo hadi mwanzo wa njia ni mita ngapi, za namna gani? Zile mita 600 za ukingo wa barabara zilituchosha kuliko kilomita ya kwanza ya ziwa.

Kilomita hiyo ya kwanza ilikuwa tamu. Lami safi, maji kulia, kisha gati dogo la mbao ambapo Shangazi alikaa robo saa akiangalia bata. Baada ya gati lami ikaisha ikaja changarawe iliyoshindiliwa, ambayo si mbaya. Kisha kona moja changarawe ikawa legelege. Magurudumu ya mbele ya kiti chake ni madogo, kipenyo kama sentimita 15, na magurudumu ya aina hiyo hayapandi juu ya kokoto, yanachimba. Tukageuza kiti tukakivuta kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Ndiyo dawa yake, na inafanya kazi. Ila abiria anakipa kisogo kila alichokuja kukiona. “Naona tulikotoka tu,” Shangazi alisema.

Halafu lango. Mimi nilikuwa nimepima upana wa kiti, sentimita 64, nikauandika na kujivunia. Kizimba kiliupokea upana huo bila shida. Kilichokwama ni urefu: kiti kikiwa na sehemu za kuwekea miguu kina sentimita 108, na lango likifunguliwa ndani ya kizimba linahitaji nafasi hiyohiyo. Tungeweza kuzing'oa zile sehemu za miguu, lakini mguu wake wa kushoto ungeburuzwa, na mimi msukumaji ningebaki nje ya kizimba.

Mume wangu alinitazama, nikajua anachowaza. Zilibaki kilomita 1.1 tu. Wawili tungeweza kumpitisha juu. Nilikataa, na hadi leo naona nilikuwa sawa. Kumnyanyua mtu mzima juu ya uzio, kwenye ardhi yenye kokoto, kwa sababu tu umeshafika mbali, ndivyo likizo zinavyoishia hospitali. Tukageuza. Kilomita 2.1 kurudi, pamoja na mita 600 za barabarani. Ya choo nitayataja baadaye.

Jioni nilipiga simu kuuliza. Aliyepokea alikuwa mwema, na jibu lake likafungua kila kitu: “Aa, wenye viti huwa wanaishia kwenye gati.” Kwa hiyo kikaratasi hakikusema uongo. Kilielezea njia kwa kipande chake kizuri zaidi, halafu kikaandika urefu wa njia yote. Tangu siku hiyo sisomi tena maneno “inafaa” au “inafikika” kama taarifa. Nayasoma kama salamu.

Njia haipimwi kwa wastani wake. Njia ya kilomita 3 yenye mwinuko wa wastani wa asilimia 2 inaweza kuficha mita 40 za asilimia 15, na hizo 40 ndizo zitakazoamua siku yako. Rampu za majengo katika nchi nyingi hujengwa kwa kiwango kisichozidi 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za mwendo, karibu asilimia 8. Na hiyo ni kwa kipande kifupi chenye sehemu bapa ya kupumzikia. Kwa njia ndefu ya matembezi, 1 kwa 20, yaani asilimia 5, ndipo mambo yanapoanza kuwa ya kistaarabu. Hesabu yake ni rahisi. Shangazi na kiti ni kilo 88. Kwenye asilimia 5 mikono yako inazuia kama kilo nne na nusu. Kwenye asilimia 8 ni kilo 7. Kwenye asilimia 15 ni 13, na hapo bado hujaongeza changarawe. Kilo 13 kwa hatua tano ni mazoezi. Kwa mita 40 mikono inatetemeka, na yule aliyeketi mbele yako anausikia mtetemo huo kupitia mpini.

Tena mwinuko wa mbele na nyuma si wote. Njia iliyolala upande, hata kidogo, inakivuta kiti kuelekea bondeni muda wote. Wataalamu wa majengo hutaka ulalo wa pembeni usizidi asilimia 2 hivi. Ukisukuma kwenye asilimia 5 ya pembeni kwa nusu saa utajua kwa nini, maana mkono mmoja unafanya kazi ya miwili.

Kosa langu kubwa zaidi, hata hivyo, halikuwa la vipimo. Nilichagua mzunguko. Watembeaji wanapenda mzunguko kwa sababu hawarudii njia. Kwa kiti mwendo, mzunguko ni kamari: kadiri unavyokwenda ndivyo kurudi kunavyozidi kuwa ghali, na kila mita iliyo mbele huijui. Njia ya kwenda na kurudi palepale inaonekana ya kuchosha kwenye karatasi, lakini ina fadhila mbili. Nusu ya pili unaijua yote, hadi jiwe. Na unaweza kugeuza dakika yoyote bila mtu kuhisi ameshindwa. Siku ya ziwa tulikuwa na matembezi mazuri ya kilomita 1.8, kwenda gatini na kurudi, tukayaharibu kwa kutaka 3.2.

Sasa choo. Watu huzungumzia umbali kana kwamba ni suala la misuli. Kwetu sisi umbali hupangwa na choo. Shangazi anahitaji kufika ndani ya saa moja na nusu, na kile cha garini anakijua kila kishikio chake. Kwa mwendo wa kusukuma, pamoja na kusimama kuangalia, tunakwenda kama kilomita mbili na nusu kwa saa. Gawa kwa mbili kwa ajili ya kurudi, toa muda wa kupanda garini, na unabaki na kilomita moja na nusu hivi kutoka mlangoni. Hiyo ndiyo duara yetu halisi kwenye ramani, isipokuwa kuna choo kinachoingilika katikati. Siku ya ziwa tuliivuka, na mwisho wake ulikuwa wa aibu ambayo Shangazi ameniruhusu kuitaja lakini si kuisimulia.

Kesho yake nikaenda upande wa pili kabisa: nikatafuta njia bapa kuliko zote. Nikaipata, ukuta wa bwawa la maji, mita 400 za zege, hakuna mwinuko, gari likaegeshwa mita 30 kutoka mwanzoni. Kiti kiliteleza kama kiko kwenye barafu. Upande mmoja maji, upande mwingine bonde zima hadi upeo wa macho. Mimi na mume wangu tulikuwa tunaonyeshana vijiji. Tulipofika katikati Shangazi akasema kwa upole sana, “Hongereni. Mimi naona zege.”

Nikachutama hadi macho yangu yakawa sawa na yake. Ukuta wa kuzuia watu wasianguke ulikuwa na kimo cha mita 1.1, mzima, bila tundu. Macho ya mtu aliyeketi yako karibu palepale, na kwa Shangazi, ambaye ni mfupi, yako chini yake. Alikuwa akisukumwa kwenye ujia wa kijivu wenye mbingu juu. Kwa kipimo chochote cha kitaalamu njia ile ilikuwa inafikika kwa asilimia mia. Sijawahi kuona fomu inayouliza kama mtu aliyefika anaona kitu.

Hapo ndipo nilipobadilisha namna ya kutafuta. Badala ya kuuliza njia ipi imeandikwa inafaa, nilianza kuuliza: njia hii ilitengenezwa kupitisha nini? Njia ya mchungaji inafuata mbuzi, na mbuzi hajali mwinuko. Lakini treni inajali. Reli nyingi za kawaida hazizidi asilimia 2 au 3, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza upesi, kwa hiyo wajenzi walikata vilima, wakajaza mabonde na kutoboa mahandaki ili mstari ubaki karibu bapa. Treni zikafa, mstari ukabaki. Uhispania tangu mwaka 1993 wamegeuza zaidi ya kilomita 3,000 za reli za namna hiyo kuwa njia za kutembea na baiskeli, wakaziita Vías Verdes. Ireland wana Great Western Greenway, kilomita 42 kati ya Westport na Achill, juu ya reli iliyofungwa mwaka 1937. Uingereza kuna Monsal Trail, ambayo mahandaki yake yalifunguliwa kwa watembeaji mwaka 2011. Ukiona kwenye ramani mstari uliopinda taratibu, unaovuka mito kwa madaraja makubwa kuliko hadhi ya njia ya miguu, uliza kama hapo pamewahi kupita treni.

Mifereji ya majahazi nayo vilevile, kwa kuwa maji hayapandi. Ila tahadhari mahali pa milango ya maji, pale jahazi linapopandishwa ngazi: kimo ambacho njia imekikwepa kwa kilomita tano inakilipa chote hapo kwa mita kumi, mara nyingi juu ya mawe. Na kanuni hii isikupumbaze. Kisiwani Madeira kuna njia maarufu za kando ya mifereji ya kumwagilia, levada, ambazo ni bapa ajabu kwenye milima mikali. Nyingi zina upana wa mtu mmoja na korongo pembeni. Ubapa bila upana si kitu.

Nikapata reli ya zamani umbali wa saa moja kutoka kambini. Picha za setilaiti zilionyesha uwanja wazi mahali palipokuwa stesheni, bila chuma cha juu. Kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiongezea habari, mtu alikuwa ameandika aina ya uso wa njia na upana wake, na pia kwamba kuna kizuizi mwanzoni, bila kusema cha namna gani. Wheelmap, ya kuonyesha mahali panapofikika kwa kiti mwendo, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2010 na inayotumia ramani hiyohiyo, ilikuwa na alama ya kijani kwenye choo cha stesheni. Kijani pale maana yake mlango hauna ngazi, na ndani pia panaingilika bila ngazi. Njano ni nusunusu, na nyekundu usijisumbue. Ni ramani nzuri sana kwa majengo. Kwa njia ya porini haisemi mengi.

Kilichobaki ni kile kizuizi. Nikapiga simu. Safari hii sikuuliza kama kiti mwendo kinapita, maana watu wema wakiulizwa hivyo hujibu ndiyo. Niliuliza, “Mama mwenye kigari cha watoto mapacha hupitaje?” Yule dada akafikiri. “Wale wa mmoja mbele mmoja nyuma hupita. Wale wa bega kwa bega hukwama, wanazungukia barabarani.” Jibu moja hilo lilikuwa na habari kuliko vikaratasi vyote vya likizo ile. Nikamwomba anipimie kama ana futi karibu. Akaenda, akarudi. Sentimita 66.

Shangazi na 64 zake. Tulifika saa tatu asubuhi. Kizuizi kilikuwa vyuma viwili vilivyoegemeana kuzuia pikipiki, vyembamba juu, vipana chini. “Vidole ndani, Shangazi!” Mume wangu akachuchumaa mbele akiongoza magurudumu madogo, mimi nikisukuma kidogo kidogo kwa nyonga, mpini wa kushoto ukikwaruza rangi. Sentimita moja kila upande. Sekunde 20, nafikiri, na kimya kabisa. Kisha akatoka upande wa pili kama kizibo.

Tulianza upande wa chini wa reli kwa makusudi, ili kupanda kuwe wakati tuna nguvu. Mwinuko ulikuwa kama asilimia moja na nusu. Macho hayauoni, ila mikono inaujua. Njia ilikuwa vumbi la mawe lililoshindiliwa hadi likawa kama saruji, pana kiasi cha sisi watatu kwenda sambamba, kitu kidogo chenye maana kubwa: msukumaji akiwa nyuma, mazungumzo huwa ya kupigiana kelele, na Shangazi huishia kuongea na hewa. Siku ile tulibadilishana, mmoja akisukuma, mwingine akitembea ubavuni kwake.

Mita 900 baadaye tukafika handakini. Mdomo wa upande wa pili ulionekana mdogo kama shilingi. Ndani palikuwa na baridi, maji yakidondoka darini, mpini ukalowa hadi nikaufuta kwa mtandio. Tuliwasha taa ya baiskeli tuliyoifunga kwenye sehemu ya miguu, nikaona ukuta umefunikwa na masizi meusi, bado. Shangazi akaniambia nisimame. Akapiga kofi, mkono wa kulia juu ya paja. Handaki likamjibu. Akapiga tena. Tulikaa mle robo saa, na kama si baridi tungekaa zaidi.

Upande wa pili kulikuwa na daraja, na vyuma vya daraja lile vilikuwa vya wima, vyembamba, vyenye nafasi katikati. Mto aliuona wote.

Tulitembea kilomita 2.4 kwa jumla, pungufu ya nusu ya siku ya ziwa. Jioni nikafungua kompyuta mezani garini nikaingiza tulichojifunza kwenye ramani: kizuizi, sentimita 66, uso wa njia, na kule ziwani, kilomita 2.1, lango la kizimba, hapapitiki. Shangazi alikuwa amelala, nilidhani.

“Umeandika la bwawa?”

“Bwawa halina shida ya njia, Shangazi.”

“Andika kimo cha ukuta.”

Nikatafuta mahali pa kuandika maelezo ya kawaida, nikaweka: mita 1.1, zege, aliyeketi haoni maji.